Miguu Ikifa Ghafla, Usingoje Kesho



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za mishahara, za mikataba na za akiba ya uzeeni. Leo tunazungumza habari ya damu. Mfanyakazi hana shamba kubwa wala duka. Mtaji wake ni mwili wake. Mtaji huo ukiharibika saa mbili asubuhi, na watu wakakaa kubishana mpaka siku ya nne, hasara yake hairudishwi na mshahara wa mwaka mzima.

Tunaandika kwa sababu ya mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 22, mpakiaji katika kinu kimoja cha mawese kandokando ya barabara iendayo Rumonge. Jina lake na mahali pake pa kazi hatutaji, maana yeye mwenyewe ametuomba hivyo. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kupandisha magunia ya mise kwenye lori tangu alfajiri. Mara akashika kiuno, akasema, "Jamani, kuna kisu mgongoni." Alikaa chini ya mchikichi apumzike. Baada ya nusu saa alitaka kusimama, miguu ikakataa. Hakuanguka, hakupigwa, hakuwa na homa.

Kapita alisema kijana amelewa, kumbe siku hiyo hata chai hakunywa. Wengine walisema amerogwa, kwa kuwa alikuwa na ugomvi na jamaa zake juu ya kipande cha michikichi. Wenzake wawili wakamweka juu ya baiskeli, mmoja anasukuma na mmoja anamshika, wakampeleka kwao. Huko alikandwa kwa maji ya moto, akafukizwa kwa majani. Siku ya nne tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, kwa sababu tangu siku ya kwanza hakukojoa, na hakuna aliyemwuliza. Ndipo alipopelekwa hospitali. Alikuwa na malengelenge miguuni kwa sababu ya yale maji ya moto, na yeye hakusikia hata kidogo kwamba anaungua.

Daktari aliuliza swali moja: "Ilianza saa ngapi?" Tulikuwa watu sita pale, pamoja na sisi wa kamati ya chama. Hakuna aliyejua. Tuliona haya. Tangu siku hiyo tuliazimia kujifunza jambo hili na kuwaeleza wenzetu wote, toka Magara mpaka Nyanza-Lac.

Ni ugonjwa gani huu?

Kila mtu anajua kiharusi cha kichwa: mzee anapooza upande mmoja, mdomo unapinda, maneno yanakwama. Lakini kipo pia kiharusi cha mgongo. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo inapita kamba laini ya mishipa ya fahamu, unene wake kama kidole chembamba. Amri zote za kichwa kwenda miguuni zinapita humo, na habari zote za miguu, yaani maumivu, baridi na joto, zinarudi kwa njia hiyo hiyo. Kamba hiyo inalishwa na damu. Mbele yake unateremka mshipa mmoja tu wa damu, nao ndio unaolisha karibu sehemu mbili katika tatu za kamba hiyo. Nyuma iko mishipa miwili midogo.

Wenye mashamba ya mpunga kule bonde la Rusizi wataelewa upesi. Shamba lenye mifereji mingi, mmoja ukiziba, mwingine unaleta maji. Shamba lenye mfereji mmoja, ukiziba, mpunga wote wa chini unakauka. Ndivyo ilivyo kwa mgongo. Mshipa wa mbele ukiziba, maumivu ya ghafla yanakuja mgongoni, na kwa dakika chache au saa chache miguu yote miwili inalegea. Ngozi haisikii tena mwiba wala moto. Mkojo unafungika. Kichwa kizima, maneno mazima, mikono mara nyingi mizima. Ndiyo maana watu husema ni uchawi: mtu anazungumza vizuri, lakini nusu yake haipo.

Kiharusi cha namna hii si cha kila siku. Katika viharusi mia, cha mgongo ni kimoja hivi. Lakini hakichagui wazee peke yao. Kijana wa miaka 15, mama aliyetoka kujifungua, mpakiaji wa miaka 20, wote wanaweza kupatwa. Na kwa kuwa ni nadra, watu hawakifikirii, na saa zinapotea.

Damu inagandaje?

Damu kuganda si kosa. Ukijikata kwa panga shambani, damu isipoganda utakufa. Wako watu waliozaliwa na damu isiyoganda vizuri, ugonjwa uitwao hemofilia, nao wanateswa na jeraha dogo tu. Taabu inakuja damu ikiganda mahali isipotakiwa, yaani ndani ya mshipa wenyewe. Sisi wa Rumonge tunajua mawese yanavyoganda ndani ya bidoni asubuhi ya baridi. Lakini mawese ukiyapasha moto yanayeyuka. Bonge la damu haliyeyuki kwa kukandwa wala kwa kufukizwa.

Mwaka 1856 mganga wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alieleza mambo matatu yanayoleta bonge ndani ya mshipa, na mpaka leo madaktari wanayafuata: damu kwenda polepole mno, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda kupita kiasi. Hili la tatu ndilo tunalotaka vijana walijue.

Wako wanaozaliwa nalo. Damu ina walinzi wake wa kuizuia isigande ovyo. Watu wengine wamerithi upungufu wa walinzi hao, ambao madaktari huwaita protini C, protini S na antitrombini. Ugonjwa huu unakaa katika ukoo. Dalili yake mara nyingi ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu, kabla mtu hajafika miaka 50. Yule kijana wetu, daktari alipomwuliza mama yake, mama alijibu, "Mimi mwenyewe mguu wa kushoto ulivimba nilipomzaa mdogo wake, na mjomba wake alikufa ghafla, pumzi ilikatika." Katika miaka 22 hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Wako wengine ambao mwili wenyewe unatengeneza sumu ya kugandisha damu. Jambo hili lilielezwa vizuri huko London mwaka 1983 na daktari Graham Hughes. Linawashika zaidi wanawake vijana, na dalili yake kubwa ni mimba kuharibika mara kwa mara. Basi dada aliyepoteza mimba tatu asisingiziwe mume mwenza wala jirani. Apimwe damu.

Kisha kuna selimundu, ambayo hospitalini kwetu kwa Kifaransa huitwa drepanositozi. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, zinajipinda kama mundu na kunasa katika mishipa midogo. Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika habari zake mwaka 1910. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi nusu tu ya ugonjwa huu anakingwa na malaria kali. Ndiyo maana umekaa sana katika nchi za joto na mbu, kama pwani yetu ya ziwa. Aliyerithi kwa baba na kwa mama ndiye anayeteseka: maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na kiharusi cha kichwa tangu utotoni. Cha mgongo kwao ni nadra, lakini kimeonekana. Dawa ya haidroksiyurea imesaidia watoto wengi. Iliyochapishwa mwaka 2019 ni habari ya majaribio yake kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua na vifo vilipungua.

Tena yako mambo yanayoongeza hatari kwa mtu yeyote: virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, majuma ya kwanza baada ya kujifungua, vidonge vya uzazi vya namna fulani hasa kwa mama mwenye ukoo wa damu ya kuganda, sigara, kulala kitandani muda mrefu baada ya kuvunjika, na kukaukiwa maji mwilini. Mwenzetu anayesimama kwenye pipa la kuchemshia chikichi tangu asubuhi bila kunywa maji, huyo damu yake inakuwa nzito.

Na mzigo je?

Mzigo una makosa yake. Kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna gegedu, laini katikati kama ute. Mtu akijikaza chini ya mzigo mzito, au akianguka, kipande kidogo cha gegedu hiyo kinaweza kuingia katika mshipa wa damu na kuuziba. Mwaka 1961 madaktari waliandika habari ya kijana wa miaka 15 aliyepooza na kufa kwa njia hiyo baada ya kuanguka. Ni jambo la nadra sana, lakini linatosha kumnyamazisha kapita anayesema kwamba mzigo hauna uhusiano na mgongo.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba nambari 127 juu ya uzito wa mzigo wa kubebwa na mtu mmoja, pamoja na Pendekezo nambari 128. Pendekezo hilo linataja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, na kwa wanawake na vijana mzigo uwe mdogo kuliko huo. Sasa kila mmoja wetu ajiulize gunia analotupiwa begani lina kilo ngapi.

Magonjwa ya ziwani yanayofanana nacho

Si kila miguu iliyokufa ni bonge la damu. Hapa pwani kuna ugonjwa mwingine unaojificha, nao unatibika ukiwahiwa. Ni kichocho. Mdudu wake anatoka katika konokono wa maji, anaingia kwa ngozi ya mvuvi, ya mtoto anayeoga, ya mama anayefua. Wengi wanajua kichocho cha tumbo na choo chenye damu. Lakini mara nyingine mayai ya mdudu huyo yanapanda mpaka kwenye kamba ya mgongo, sehemu ya chini. Kijana anaanza kuumwa kiuno na miguu, kisha kwa siku kadhaa au majuma miguu inalegea na mkojo unafungika. Dawa ya prazikwanteli, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe anayoitoa daktari, imewasimamisha wengi. Basi mvuvi wa mukeke na ndagala akienda hospitali na miguu iliyolegea, aseme waziwazi: "Mimi ni mtu wa ziwani."

Kifua kikuu nacho kinakula mifupa ya mgongo, polepole kwa miezi, mpaka kibyongo kinatokea. Na aliyeanguka toka juu ya mchikichi, mfupa wake unaweza kuwa umevunjika. Tofauti ni hii: kiharusi ni cha dakika na saa, kichocho ni cha siku na majuma, kifua kikuu ni cha miezi. Lakini kupambanua ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kufika.

Tufanye nini?

Ndugu, haya yakatwe na kubandikwa mlangoni mwa kila kinu na kila stoo:

1. Tazama saa na uiandike kwenye karatasi: maumivu yalianza lini, miguu ilikataa lini.

2. Mlaze mgonjwa chali, mahali palipo sawa. Usimkalishe, usimsimamishe kwa nguvu.

3. Mbebe juu ya ubao au machela, hata ile ingobyi yetu ya kienyeji, watu wanne au zaidi, mgongo umenyooka. Asipandishwe baiskeli wala pikipiki.

4. Usimkande kwa maji ya moto, usimchanje, usimfukize. Ngozi yake haisikii moto.

5. Usimpe aspirini kwa kubahatisha. Pengine mgongoni damu inavuja badala ya kuganda, na dawa hiyo itamwua.

6. Mwulize kama amekojoa. Ikiwa hakukojoa kwa saa sita au zaidi na tumbo la chini linauma, hilo peke yake ni la hospitali leo hii, akawekewe mpira wa mkojo.

7. Mwambieni daktari habari za ukoo: nani aliwahi kuvimba mguu mmoja, nani alikufa ghafla kijana, nani ana selimundu, nani ameharibu mimba.

8. Zahanati ikisema ni uchovu wa kazi, na miguu haiendi, msikubali kurudi nyumbani. Ombeni kwa adabu karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa. Toka Rumonge mpaka Bujumbura ni safari ya kilomita sabini na kitu. Siku nne za kufukizwa ni ndefu kuliko safari hiyo.

Baada ya hospitali

Tusidanganyane. Hakuna dawa ya kurudisha mara moja sehemu ya mgongo iliyokufa. Ziko dawa za kuzuia damu isigande tena, nazo zina masharti. Moja ni warifarini. Historia yake ni ya ajabu: katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza, Karl Paul Link na wenzake wa Wisconsin wakaitafuta ile sumu, wakaipata, toka humo ikatengenezwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu. Kwa hiyo anayeimeza lazima apimwe damu kila mara, na majani kama isombe na lengalenga ale kwa kiasi kile kile kila juma, maana yanapunguza nguvu ya dawa. Asiimeze kwa kuazima kwa jirani.

Kinachowaua waliopooza miguu, mara nyingi, ni vidonda vya kulalia na uchafu wa mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, alianza kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati ule askari aliyevunjika mgongo alihesabiwa kuwa maiti. Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, akawapa mazoezi, akawapa na kazi za mikono. Watu wakaishi. Kugeuza mtu kila saa mbili hakuhitaji mashine. Kunahitaji watu waliopangana zamu, na zamu ndilo jambo tunalolijua kuliko watu wote.

Mazoezi nayo ni dawa. Wako wanaorudi kutembea baada ya miezi mingi, hasa vijana ambao miguu haikufa kabisa. Katika nchi yetu kuna kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi huko Gitega. Tena sheria ya Januari 2018 inalinda haki za watu wenye ulemavu, hata haki ya kazi.

Wajibu wa chama

Tarehe 1 Mei 2006, siku yetu ya wafanyakazi, ilitangazwa kwamba watoto chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure. Lilikuwa jambo jema. Lakini kijana wa miaka 22 hayumo. INSS inashughulikia ajali za kazini, lakini ajali isiyoandikwa haikutokea. Kwa hiyo tunataka kila mahali pa kazi pawe na mambo haya: daftari la ajali na maradhi ya ghafla, liandikwe siku hiyo hiyo mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, mzani wa kupimia magunia, maji safi ya kunywa karibu na moto, machela, na sanduku la safari, kila mmoja akichanga kidogo kila mwezi, ili gari lisingojwe mpaka siku ya nne.

Mwenzetu yule sasa anatembea kwa fimbo mbili. Anashona nyavu pale mwaloni, na tunaendelea kudai apewe kazi ya kukaa katika kinu alichokitumikia. Tulipomwomba ruhusa ya kuandika habari hii, alifikiri kidogo, akasema, "Andikeni. Ila waambieni watazame saa."

Basi ndugu, tumewaambia.